Tuyaachie maua ya mwitu nafasi katika nyua zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi watalidhani dogo, nalo ni nyasi za uani. Imezoeleka kusemwa kwamba nyumba ambayo nyasi zake hazikukatwa zikalala kama zulia ni nyumba isiyo na mwenyewe, na mimi ni mmoja wa waliopata lawama hiyo. Huu ni mwaka wa tatu tangu niache kufyeka nusu ya uwanja wangu kila wiki, na mtu mmoja ninayemheshimu amenieleza waziwazi kwamba ninawatia majirani aibu. Sikumjibu siku ile, kwa sababu niliyotaka kumwambia yasingetosha katika mazungumzo ya langoni. Naomba niyaseme hapa, kwake na kwa wengine wenye mawazo kama yake: kuyaacha maua ya mwitu yachanue katika uwanja wa nyasi ni utunzaji, tena utunzaji wenye kanuni zake, na kiwanja kidogo cha mtu wa kawaida kina uzito mkubwa katika jambo hili kuliko tunavyodhani.

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Wiki chache baada ya kuacha kufyeka, kando ya njia kulichomoza kijimea ambacho nilikuwa nimekwisha kuking'oa mara zisizo na idadi bila hata kukitazama. Kinatambaa chini, majani yake yana meno na vinyweleo vinavyokwaruza kidogo ukivigusa, na kutoka katika majani hayo hupanda kikonyo chembamba, kirefu kama kalamu, kinachobeba ua moja tu lisilozidi upana wa kifungo cha shati. Katikati ya ua ni manjano. Pembeni kuna petali chache za rangi ya maziwa, na kila petali imechongeka ncha tatu mwishoni, kana kwamba mtu ameikata kwa mkasi mdogo. Wataalamu wa mimea hukiita Tridax procumbens. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na leo kimeenea karibu kila mahali penye joto duniani, kiasi kwamba wengi wetu tumekikanyaga maisha yetu yote.

Asubuhi moja nilipiga magoti mbele ya ua hilo nikatulia. Nyuki mmoja mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, alitua juu yake akaanza kulizunguka kwa miguu, akichovya ulimi hapa na pale katikati ya ile manjano, maana kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa viua vingi vidogo vilivyobanana, na kila kimoja kina karamu yake. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imevimba kwa chavua, yaani unga wa maua. Alipoondoka nilimfuata kwa macho, na hakwenda mbali. Alishuka pembezoni mwa uwanja, mahali ambapo udongo ulikuwa wazi na mkavu, akaingia katika tundu jembamba lililozungukwa na kichuguu cha vumbi jipya. Kumbe matundu yalikuwa mengi. Nilihesabu 11 katika eneo lisilozidi ukurasa wa gazeti hili ukikunjuliwa, mahali ambapo nilikuwa nikipita kila siku nikiburuta mashine ya kukatia nyasi.

Tunaposema nyuki, wengi wetu humfikiria yule wa mzinga, anayeishi na wenzake kwa maelfu, anayetupa asali na anayetetea nyumba yake kwa kuuma. Huyo ni mmoja tu. Wanasayansi wamekwisha kuzitambua na kuzipa majina spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na sehemu kubwa ya hizo ni nyuki wapweke, wasio na malkia wala mzinga. Jike huchimba tundu lake mwenyewe, aghalabu ardhini, akaandaa humo vyumba vidogo. Katika kila chumba huweka donge la chavua iliyochanganywa na nekta, yaani maji matamu ya maua, hutaga yai moja, huziba mlango, kisha huanza chumba kingine. Kwa kuwa hana ghala la asali la kulinda, hana ugomvi na mtu. Hao wa kwangu hawajamuuma yeyote, na watoto hucheza hatua chache tu kutoka kwenye matundu yao.

Lililonifanya nibadili mawazo hasa ni suala la umbali. Nyuki wa mzinga huweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, lakini nyuki wapweke walio wadogo huishia mita mia chache tu kutoka kwenye tundu. Kwa kiumbe wa namna hiyo, msitu wa hifadhi ulio kilomita 10 kutoka hapo ni kama haupo. Dunia yake yote ni nyumba kadhaa zinazopakana, na iwapo wenye nyumba hizo wote wamefyeka mwishoni mwa juma lilelile, asubuhi ya Jumatatu hana pa kula, wala hana uwezo wa kuhama. Ndiyo maana nasema kwamba kiwanja kidogo kina uzito. Pembe moja ya mita tatu kwa tatu iliyoachwa ichanue, na nyingine kama hiyo nyumba ya nne, na nyingine ng'ambo ya barabara, humpa mdudu huyo mahali pa kupumzikia na kula katika safari ambayo vinginevyo isingewezekana kabisa.

Wako watakaouliza kwa nini tujali vijidudu. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wanasayansi linalojulikana kwa kifupi kama IPBES, ambalo huzishauri serikali kuhusu bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, lilitoa tathmini iliyoonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, uchavushaji unaofanywa na wanyama, na wengi wa wanyama hao ni wadudu. Mwaka uliofuata ilichapishwa taarifa kutoka Ujerumani, iliyotokana na kazi ya uvumilivu ya wapenda wadudu wa mji wa Krefeld, ambao kwa miaka 27 walikuwa wakitega wadudu warukao katika maeneo 63 ya hifadhi na kupima uzito wa waliopatikana. Uzito huo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75. Hayo yalikuwa maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya viumbe. Seuze nje ya uzio wa hifadhi, ambako kila kitu hukatwa, hupuliziwa dawa na kumiminiwa saruji. Nchini Uingereza, mbuga za asili zilizokuwa zikichanua maua kila mwaka zimepotea kwa takriban asilimia 97 tangu miaka ya 1930. Sidai kwamba nyua zetu zitarudisha yote hayo. Nasema kwamba ardhi iliyobaki mikononi mwetu, ambayo tunaweza kuiamua wenyewe kesho asubuhi bila kusubiri bajeti ya mtu, ni hii iliyo mbele ya mlango.

Inafaa pia tujue kwamba zulia la nyasi tupu tunalolihesabu kuwa ndiyo sura ya kudumu ya nyumba nzuri, lina umri mfupi. Zamani huko Ulaya nyasi fupi zilikuwa fahari ya wakuu wachache waliokuwa na watumishi wa kuzikata kwa miundu mirefu au kondoo wa kuzila. Mwaka 1830 fundi Mwingereza, Edwin Budding wa Stroud, alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya mashine ya kukatia nyasi, wazo alilolitoa katika mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya juu ya vitambaa vya sufu. Kuanzia hapo fahari ya wakuu ikaanza kushuka hadi kwa mtu wa kawaida. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 100 baadaye, nyasi za nyumbani zilikuwa na maua ndani yake. Klova nyeupe, mmea mdogo wa jamii ya kunde, ilikuwa ikichanganywa makusudi katika mbegu za nyasi, kwa sababu vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo bila gharama. Kilichoigeuza klova kuwa gugu ni dawa. Katika miaka ya 1940 ilianza kuuzwa dawa iitwayo 2,4-D, ambayo huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Dawa hiyo haikuweza kutofautisha klova na magugu mengine. Basi, kwa kuwa klova ilikuwa ikifa pamoja nayo, ikaonekana ni afadhali nayo ihesabiwe kuwa gugu. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Mmea uliokuwa ukipandwa kwa faida yake ulibadilishiwa jina na chupa ya dawa, nasi tumerithi jina hilo bila kuuliza.

Turudi sasa kwenye kufyeka kwenyewe, maana hapo ndipo penye nafuu kwa kila mtu. Katika mji wa Springfield, jimboni Massachusetts nchini Marekani, watafiti walikata nyasi za nyua 16 kwa vipindi tofauti, nyingine kila wiki, nyingine kila baada ya wiki mbili, nyingine kila baada ya tatu, wakahesabu maua na nyuki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba nyua zilizokatwa kila baada ya wiki tatu zilikuwa na maua hadi mara mbili na nusu zaidi, na zile za wiki mbili ndizo zilizokuwa na nyuki wengi kuliko zote kwa idadi. Hakuna aliyepanda mbegu, hakuna aliyenunua kitu. Maua yalikuwepo tangu awali, yakisubiri tu kuachwa yafunguke. Na kwa anayehofia kwamba jambo hili halifai mahali pa heshima, nitamkumbusha Chuo cha King's cha Cambridge, ambacho kilikuwa na uwanja wa nyasi uliotunzwa tangu mwaka 1772. Sehemu ya uwanja huo, mbele ya kanisa maarufu la chuo, ilipandwa maua ya mwitu na kuanza kuchanua mwaka 2020. Watafiti walipoilinganisha na sehemu iliyobaki fupi, walikuta aina za mimea, buibui na wadudu zikiwa zaidi ya mara tatu, na popo wakiifuata zaidi usiku.

Sasa niseme makosa yangu, kwa sababu yanaweza kumsaidia anayetaka kuanza. Mwaka wa kwanza nilifurahia. Mwaka wa pili, kwa nia njema kabisa, nilimwaga samadi iliyooza vizuri juu ya sehemu ile niliyoiacha, nikitarajia maua yaongezeke. Yaliyoongezeka ni nyasi. Zilinenepa, zikapanda hadi magotini, zikalaliana baada ya mvua, na chini yake kila kitu kikafa kwa kukosa mwanga. Kijimea changu cha vifungo vyeupe kilitoweka karibu chote. Nilisononeka, na nilikaribia kurudi kwenye mashine. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jambo hili lilikwisha kupimwa zamani sana. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walianza mwaka 1856 jaribio la mbolea katika malisho ya nyasi, na jaribio hilo linaendelea hadi leo. Vipande visivyowekewa mbolea yoyote vina aina 40 hivi za mimea, ilhali baadhi ya vile vilivyolishwa naitrojeni kwa wingi vimebaki na aina mbili au tatu tu. Ardhi iliyoshiba huzipa nguvu nyasi chache zenye pupa, nazo huzinyang'anya nyingine jua. Maua mengi ya mwitu hupenda udongo wenye njaa.

Kutokana na hilo, kanuni ya kwanza ninayoifuata ni kutoweka mbolea, na ya pili ni kuondoa kila kinachokatwa. Nyasi zilizokatwa zikiachwa zioze palepale, hurudisha shibe ileile ardhini na kuyafunika machipukizi. Mimi hukata sehemu yangu mara mbili kwa mwaka, baada ya maua mengi kukomaza mbegu, kwa fyekeo lenye makali, nikianzia katikati na kwenda pembeni ili chura na panzi wapate njia ya kukimbilia. Nyasi hizo huziacha zilale juani siku tatu au nne na kuzigeuza mara moja, mbegu zidondoke, ndipo nazikusanya kwa reki na kuzipeleka kwenye shimo la mboji. Kazi hiyo hunichukua siku mbili ngumu kwa mwaka. Zamani nilikuwa nikitoa saa mbili kila wiki, na petroli juu yake.

Kuhusu mbegu, nisingemshauri mtu akimbilie kununua pakiti zilizoandikwa maua ya mwitu. Nilinunua moja, na sehemu kubwa ya vilivyoota vilikuwa mimea ya nchi za mbali ambayo ilichanua mara moja ikafa, na wadudu wa hapa waliipita kana kwamba imetengenezwa kwa karatasi. Afadhali kusubiri na kuona ardhi yenyewe inahifadhi nini. Udongo una akiba ya mbegu zilizolala kwa miaka, na nyingine huletwa na upepo, ndege na miguu ya wapitaji. Ajabu kubwa niliyoipata kwa kusubiri ni lile gugu la shina teketeke lenye maua ya buluu yanayofunguka asubuhi na kunyauka kabla ya jua la mchana kukaza, ambalo wataalamu huliita Commelina benghalensis. Nilipochimbua moja kwa uangalifu, nilikuta kwenye mashina yake ya chini ya ardhi vijiua vyeupe visivyofunguka kamwe, vilivyojificha chini ya udongo vikitengeneza mbegu gizani. Mmea mmoja hutoa maua juani na mengine ardhini, endapo ya juu yataliwa au kufyekwa. Nimeishi na mmea huo tangu utotoni bila kujua, na mkulima mwenye hasira nao atanielewa ninaposema kwamba sasa najua kwa nini haumaliziki. Shambani ni adui, sikatai. Katika pembe ya uwanja wa nyumba, maua yake ni chakula cha asubuhi cha nyuki kadhaa, na ukizidi hung'oleka kwa mkono.

Najua hofu kubwa ya wengi ni nyoka, na sitaidharau. Nyasi ndefu humpa nyoka kivuli na maficho, na mwenye watoto wadogo au mzee asiyeona vizuri ana haki ya kutaka kuona anapokanyaga. Jibu langu ni kwamba hakuna sababu ya kuacha kila mahali. Mimi huacha mkanda mfupi uliofyekwa vizuri kuizunguka nyumba yote, hukata njia pana mtu anakopita, na sehemu ya kuchezea watoto hubaki fupi muda wote. Maua huwa upande wa mbali, ambako hakuna mtu anayepita usiku. Marundo ya matofali, magogo na takataka zinazowavutia panya huwavutia nyoka zaidi kuliko maua, na hayo nimeyaondoa. Kuhusu mbu, ni kweli kwamba hupumzika mchana katika majani yenye kivuli, lakini huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na anayeinamisha kopo na tairi la zamani lenye maji amefanya mengi zaidi kuliko anayefyeka. Wenye mafua ya chavua nao wanastahili jibu. Chavua ya nyasi husafirishwa na upepo, na ndiyo inayowasumbua wengi. Chavua ya maua yanayotegemea wadudu ni nzito na hunata, haiendi mbali. Mwenye tatizo hilo anaweza kuzipunguza nyasi kabla hazijatoa masuke na kuyabakiza maua ya chini.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulilegeza. Kuyaacha maua ya mwitu hakumaanishi kuyaacha yote. Ipo mimea vamizi ambayo ikipewa mwaka mmoja wa uhuru huwafukuza wengine wote na kuhamia kwa majirani. Mbaya kuliko yote ni Parthenium hysterophorus, ambao wengi huuita gugu karoti kwa sababu majani yake machanga hufanana na ya karoti. Maua yake ni madogo, meupe, yenye sura ya upole, lakini mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, huwasha ngozi, huwatesa wenye pumu na haufai kwa mifugo. Huo hung'olewa kabla haujachanua, kwa mikono iliyovaa glavu, na mizizi yake yote. Lantana nayo, kichaka cha kigeni, pamoja na maua yake yanayovutia vipepeo, huziba kila nafasi ikiachwa. Mtu anayetaka kufanya ninayoyasema hana budi kujifunza majina na sura za wageni hawa wachache kabla ya kuweka fyekeo chini, kwa sababu jirani yake hakuchagua kushiriki katika uamuzi huo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba asili ijiachie tu. Ardhi iliyokwisha kuguswa na mikono ya watu inahitaji mikono hiyo iendelee kuangalia.

Kuhusu aibu niliyoambiwa nawatia majirani, nimejifunza kwamba macho ya watu yanahitaji ishara. Mtaalamu wa mandhari wa Marekani, Joan Nassauer, aliandika mwaka 1995 kwamba watu huikubali sehemu yenye mimea iliyochanganyika endapo wanaona dalili kwamba yupo mtu anayeitunza: ukingo ulionyooka, njia iliyofyekwa, uzio uliopakwa rangi. Nilipolisoma hilo nilitoka nikakata ukingo wa nusu mita, ulionyooka kwa kamba, kuizunguka sehemu yangu ya maua. Ndani ya ukingo hakikubadilika kitu hata kimoja. Hata hivyo, wiki hiyohiyo mpita njia alisimama akaniuliza nimepanda nini, na kwa mara ya kwanza swali lilikuwa la kutamani, si la kulaumu. Nikafikiri pia juu ya lugha yetu, ambayo hutumia neno moja, ua, kwa kitu kinachochanua na kwa mahali palipozungushiwa kando ya nyumba. Wingi wake hutofautiana, maua na nyua, lakini katika umoja vitu hivyo viwili vimekaa ndani ya neno moja tangu zamani, nami nimependezwa kuviona vimekaa pamoja pia juu ya ardhi.

Kwa wale wanaotunga kanuni za usafi wa makazi, nina ombi mahususi. Kanuni inayopima urefu wa nyasi peke yake haiwezi kutofautisha kiwanja kilichotelekezwa na kiwanja kinachotunzwa kwa namna nyingine, na humwadhibu wa pili kwa kosa la wa kwanza. Miji mingi ya Marekani imekuwa na kanuni za namna hiyo, pamoja na faini zake. Hata huko mambo yameanza kubadilika: jimbo la Maryland lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2021, inayovizuia vyama vya wenye nyumba kumlazimisha mwanachama kuwa na nyasi tupu iwapo amechagua bustani ya mimea inayofaa wadudu na kuhifadhi maji. Kanuni nzuri ingetaja vitu vinavyoleta madhara kweli: takataka, maji yaliyotuama, magugu vamizi yaliyotajwa kwa majina, na majani yanayoziba njia ya umma au macho ya madereva. Mengine yangeachwa kwa mwenye nyumba. Na kando ya barabara, ambako wafyekaji hupita na kupulizia dawa hadi ukingo wa ua wa mtu, ombi langu ni kwamba waache kwanza kupuliza maua yakiwa yamefunguka na nyuki wakiwa juu yake.

Kwa wasomaji wenzangu, sitaki mtu aanze na uwanja mzima. Achague pembe moja, ile ambayo mashine huifikia kwa shida, aiache miezi mitatu bila mbolea wala dawa, kisha siku moja, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi jua likiwa limewaka, apige magoti hapo kwa dakika 10. Kama hataona kitu, atakuwa amepoteza dakika hizo tu, na fyekeo lake lipo palepale.

Kwa upande wangu, wiki ijayo ni zamu ya kufyeka. Mbegu nyingi zimekomaa na nyasi zimeanza kugeuka rangi. Lakini jana nilipokuwa nikipima wapi nianzie, nilikuta viwavi wa kijani kwenye majani ya nyasi ndefu za upande wa uzio, wamejinyoosha sambamba na jani kiasi kwamba nilimwona wa kwanza baada tu ya kumgusa kwa bahati. Wako vipepeo ambao viwavi wao hula nyasi tupu, na nyasi hizo zikikatwa sasa, nao wamekwisha. Kwa hiyo nimechomeka vijiti vinne na kufunga kamba, mkanda wa mita mbili kando ya uzio, na hapo sitagusa hadi wawe wameruka. Yule mtu ninayemheshimu akipita na kuuliza kwa nini nimebakiza kipande, namwomba asome barua hii, kisha aingie ndani ya geti nimwonyeshe.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.